Maumivu na chakula kukwama baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo kwa aliyerudi nyumbani Kigoma

Ukimtaja Mwanga au Ujiji mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, utasikia "amekata utumbo." Kwa sliivu, upasuaji unaofanywa zaidi, utumbo hauguswi kabisa. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula: kama robo tatu yake au zaidi kidogo hutolewa, na unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kwa baipasi hakuna kinachotolewa. Daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ujazo wa takriban vijiko 2 vya chakula, halafu anakiunganisha na utumbo mwembamba. Ujue wako ni upi na uwafundishe wa nyumbani walitaje jina lake, maana maumivu ya sliivu na ya baipasi hayafanani, na daktari wa zamu atakayekupokea usiku hawezi kuliona jina hilo kwenye makovu ya nje.

Aliyepasuliwa Dar es Salaam akarudi Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka kwa daktari wake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgonjwa na wanaomuuguza ni kuyatenga maumivu yanayoletwa na namna ya kula, ambayo yanarekebishika jikoni, na maumivu ambayo hayangoji asubuhi. Mwongozo huu unafuata mgawanyo huo. Ratiba uliyopewa hospitali ikitofautiana na iliyoandikwa hapa, fuata ya hospitali.

Siku za mwanzo: bega, vidonda na dawa

Wengi hushangaa bega kuuma kuliko tumbo. Upasuaji wa matundu hufanywa kwa kujaza hewa ya kaboni tumboni ili daktari apate nafasi ya kuona. Hewa iliyobaki husumbua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na neva za kiwambo hicho zinaelekea shingoni na begani, ndiyo maana maumivu unayasikia huko. Huisha ndani ya siku chache. Dawa yake ni kutembea: kila saa ukiwa macho, toka chumbani hadi uani na kurudi, dakika 5 zinatosha. Kulala kutwa nzima kunayarefusha, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Kati ya matundu, kwa sliivu lile lililotolea kipande cha tumbo ndilo huuma zaidi, hasa unapoinuka kitandani. Usiinuke moja kwa moja. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa au kupiga chafya, kumbatia mto tumboni.

Kwa maumivu, paracetamol ndiyo salama kwa walio wengi: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Wiki za mwanzo viponde au tumia ya maji, kwa kuwa kidonge kizima kinaweza kukwama njiani. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ya kapsuli unaweza kuifungua, lakini chembe zilizomo ndani usizisage, maana ganda la chembe hizo ndilo linaloikinga dawa na asidi.

Hapa kuna kosa linaloumiza watu wengi: brufeni, diklofenaki na aspirini. Dawa hizi hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na kwa aliyefanyiwa baipasi huweza kuleta kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Diclopar nayo ina diklofenaki ndani. Ukienda duka la dawa usiseme "nipe dawa ya mgongo" ukapokea vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina. Sema: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nipe paracetamol tu." Kama unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache wala usiirudishe bila daktari aliyekuandikia. Sigara na ugoro vinachelewesha kupona na kuleta vidonda vilevile.

Maji kwanza, chakula baadaye

Katika mwezi wa kwanza wengi hurudishwa hospitali kwa kukosa maji mwilini, si kwa kukosa chakula. Lengo ni lita 1.5 kwa siku, na mfuko wako hauwezi kupokea glasi moja kwa mkupuo.

Chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5 na maka peni. Mimina mililita 125, yaani nusu ya kikombe cha robo lita, chora mstari nje ya chupa, mimina tena, chora tena, mpaka upate mistari 12. Jaza maji yaliyochemshwa na kupoa. Kila saa kiwango kishuke mstari mmoja. Ndani ya saa hiyo, kila robo saa kunywa vijiko 2 vya chakula, kwa mafunda madogo matatu au manne. Ukianza saa 1 asubuhi, saa 1 jioni chupa iko tupu. Ukishaanza vyakula vya kijiko, muda wa kunywa unapungua, basi anza saa 12 alfajiri na umalizie saa 3 usiku. Supu na maziwa vinahesabika pia. Ukichelewa mistari miwili usiifidie kwa mkupuo. Sogeza usiku kidogo.

Mkojo ndio kipimo chako: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umepungukiwa. Soda na kinywaji chochote chenye gesi acha, kwa sababu gesi hutanuka ndani ya mrija mwembamba na kuuma kweli. Mrija wa kunywea pia huingiza hewa. Maji baridi sana huwabana baadhi ya watu chini ya chembe ya moyo. Jaribu ya vuguvugu.

Kwa Waislamu, Ramadhani ikiangukia miezi ya mwanzo, zungumza na daktari na shekhe mapema. Lita 1.5 kwa mafunda kati ya futari na daku ni vigumu mno kwa mfuko uliopasuliwa juzi.

Chakula kwa hatua

Hospitali nyingi hufuata mpangilio unaokaribia huu: siku 1 hadi 2 vimiminika vyepesi vinavyokuruhusu kuona kitako cha kikombe, hadi mwisho wa wiki ya 2 vimiminika vizito visivyo na vipande, wiki ya 3 na ya 4 vyakula vilivyosagwa laini, wiki ya 5 na ya 6 vyakula laini vya kupondeka kwa uma, kuanzia wiki ya 7 au ya 8 chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Kuruka hatua kwa sababu "leo najisikia vizuri" ndiko kunakoleta maumivu mengi, maana mshono wa ndani hauponi kwa kufuata unavyojisikia.

Lengo la protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Wiki mbili za kwanza wengi hawafiki, na si jambo la kukutia hofu mradi maji yanaingia. Kuanzia wiki ya 3 hesabu ya Kigoma inawezekana: maziwa nusu lita (gramu 16), mtindi usio na sukari mililita 200 (7), mayai 2 laini (12), samaki aliyepikwa gramu 60 (14), unga wa dagaa vijiko 2 vya chakula (kama 10), maziwa ya unga vijiko 2 (kama 4). Jumla ni gramu 63 hivi, zikigawanywa kwa milo 6 midogo na maziwa ya kunywa katikati. Maziwa yakikuletea msokoto na kuhara, hamia kwenye mtindi. Sukari ya maziwa imepungua humo.

Unga wa dagaa tunausifia bila kusita: ni rahisi, unakaa, na kijiko kimoja kinabeba protini karibu sawa na yai. Ila uandae vizuri. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga, kwa hiyo tafuta wa kichanja, na hata hao waoshe kwa maji matatu. Ng'oa vichwa na matumbo meusi, ndiyo yenye uchungu. Waanike tena wakauke, wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga, kisha chekecha kwa chujio la chai. Kilichobaki juu ya chujio rudisha kwenye kinu au wape kuku, usikile wewe, kwani miiba ile ndiyo itakayokukwaruza. Uji wake: kijiko 1 cha unga laini wa ulezi kwa mililita 200 za maji na maziwa nusu kwa nusu, ukishaiva tia kijiko 1 cha unga wa dagaa, koroga, chuja. Ukiinua kijiko uji utiririke. Ukidondoka kwa mabonge ni mzito mno kwa wiki ya 2.

Kwa hatua ya kusagwa, chemsha mnofu wa sangala bila ngozi, pekua miiba kwa vidole (macho peke yake hayatoshi), ponda kwa uma, ongeza supu yake mpaka iwe laini kama uji mzito. Mgebuka wa kukaanga ni mtamu, lakini ule ukavu wa nje ni kati ya vitu vinavyokwama haraka, basi mchemshe. Mawese tumia nusu kijiko cha chai kwa mlo mzima. Mafuta mengi huleta kichefuchefu na kuharisha. Kisamvu kina nyuzi, kiache hadi mwezi wa pili, na kisagwe sana.

Ugali wa muhogo ndio mtihani wa Kigoma. Tazama unavyoliwa: unakata tonge, unalifinyanga, unabonyeza kidole kutengeneza kishimo, unachota mchuzi, unameza. Hakuna kutafuna. Ule mnato unaoufanya uteleze kooni kwa mtu mwenye mfuko mzima ndio unaoufanya uzibe mrija mwembamba kama kizibo. Miezi 3 ya kwanza uweke pembeni. Ukiurudia, uwe laini, tonge lisizidi ukubwa wa punje ya harage, ulitafune kama nyama, na mboga itangulie. Wali mkavu, chapati, mkate mpya, nyama choma na nyama za chungwa vifuate utaratibu huohuo wa kusubiri.

Namna ya kukaa mezani

Usile kwenye sinia la pamoja kwa sasa. Kasi ya sinia ni kasi ya wenzako, na hapo ndipo unapopotea. Chukua kibakuli chako na kijiko cha chai. Wiki ya 3 weka vijiko 3 hadi 4 vya chakula tu kwenye kibakuli. Tafuna kila kijiko mara 20 hadi 30, weka kijiko chini, hesabu dakika 1, ndipo uchote kingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukipita hapo acha, hata kama kimebaki.

Acha kunywa robo saa kabla ya mlo na usinywe hadi nusu saa baada yake. Kimiminika juu ya chakula huongeza shinikizo ndani ya mfuko mdogo na kusababisha kutapika. Kwa baipasi hukisukuma chakula haraka kwenye utumbo.

Kushiba kwako kumebadilika sura. Hakuji kama tumbo lililojaa. Huja kama kubanwa chini ya chembe ya moyo, kwikwi moja, pua kutoa kamasi ghafla au kubeua. Kijiko kinachofuata baada ya ishara hiyo ndicho kinachouma. Msibani au kwa shangazi ambako kukataa chakula ni kumvunjia mtu heshima, omba mapema: "Mama, naomba mchuzi kwenye kikombe cha kahawa, nitaunywa polepole, daktari kanikataza ugali." Kikombe kikiwa mkononi, watu hawakubembelezi tena.

Kikikwama

Utajua: kifua kinabana nyuma ya mfupa wa katikati, mate yanajaa mazito yenye povu, unataka kubeua na hewa haitoki. Weka kijiko chini. Usinywe maji "kukisukuma," kwa kuwa maji yanakaa juu ya kizibo na kuongeza maumivu. Simama wima, legeza mkanda au kanga, tembea polepole, mate yateme. Usijitapishe kwa kidole, hasa wiki 6 za kwanza, maana nguvu ya kutapika inauvuta mshono. Mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa mbili kinashuka au kinapanda chenyewe.

Kikishaondoka pumzika saa 2, rudi kwa mafunda ya maji ya vuguvugu, na saa 24 zinazofuata kula vimiminika tu, kwa sababu njia imevimba. Wanaorudi kwenye chakula jioni ileile hukwamisha tena, mara hii hata uji. Halafu jiulize kipi kilikosewa: tonge kubwa, haraka, chakula kikavu, au maji juu ya chakula. Karibu kila mara ni kimojawapo.

Ukishindwa kumeza hata mate, nenda hospitali saa hiyohiyo. Zikipita saa 6 tangu kikwame na funda la maji bado halipiti, nenda pia.

Kukwama kunakozidi kila wiki ni jambo jingine. Kama mwanzoni ilikuwa nyama, ikafuata mayai, sasa uji, kuna uwezekano njia inasinyaa kwa kovu. Kwa baipasi hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 12. Hakuna namna ya kutafuna itakayolitatua. Hutibiwa kwa kumulika tumbo kwa kamera inayopitia mdomoni na kuitanua njia hiyo kwa puto, basi anza safari ya rufaa ukiwa bado unaweza kunywa.

Jasho, kutetemeka, kufunga choo

Baada ya sukari nyingi, hasa kwa baipasi, unaweza kupata jasho, moyo kwenda mbio, msokoto na kuhara ndani ya dakika 10 hadi 30. Chakula kimeteremka utumboni haraka mno na kimevuta maji. Lala, subiri, kitapita. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, juisi na asali ndivyo visababishi vya kawaida. Kutetemeka saa 1 hadi 3 baada ya kula ni sukari ya damu kushuka. Tibu sasa hivi kwa kijiko cha chai kimoja au viwili vya sukari kwenye maji, fuatisha protini kidogo, na mweleze daktari kama inarudi.

Choo kigumu hutokana na maji machache, madini ya chuma na dawa kali za maumivu. Ongeza maji na matembezi, na papai lililopondwa ukifika hatua yake. Siku 4 bila choo, omba dawa ya kulainisha.

Vitamini ulizoandikiwa ni za maisha. Chuma na kalsiamu viachane kwa saa 2, na chai isinywewe pamoja na chuma.

Maumivu yasiyongoja

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kwa aliyepasuliwa wiki chache zilizopita mazoea haya ni hatari. Mshono wa ndani ukivuja, dalili ni homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto yanayozidi badala ya kupungua, pumzi fupi, na moyo kwenda mbio. Pima malaria, ndiyo, lakini kipimo kikionyesha malaria au kisionyeshe, sema bado: "Nilipasuliwa tumbo tarehe fulani." Jipime mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, hesabu dakika 1 kamili ukiwa umekaa kimya dakika 5. Yakizidi 120, nenda hospitali hata kama huna homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuchoma ukivuta pumzi, ni dalili za damu kuganda, na safari ndefu ya basi au treni huiongeza hatari hiyo. Uliza kabla ya kuruhusiwa ni lini unaweza kusafiri, na ukiwa njiani simama na kutembea kila saa.

Kutapika siku 2 au 3 mfululizo kuna hatari isiyojulikana na wengi. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki 2 au 3 tu. Ikiisha, mtu huona vitu viwili viwili, huyumba akitembea, huchanganyikiwa, na madhara yake ubongoni yanaweza kubaki daima. Dripu ya glukosi ikitangulia hutumia kile kidogo kilichobaki. Sema kwa adabu na bila kusita: "Daktari, nimetapika siku tatu baada ya upasuaji wa tumbo. Naomba thiamini ya sindano kabla ya dripu yenye sukari."

Miezi kadhaa baadaye, maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta mara nyingi ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwani kupungua haraka huyatengeneza. Altrasaundi huyaonyesha. Na kwa baipasi, msokoto mkali unaokuja na kuondoka, hata mwaka mmoja au miwili baadaye, unaweza kuwa utumbo ulioingia kwenye upenyo wa ndani na kujikaba. Kipimo cha CT huweza kuonekana safi ilhali utumbo umebanwa. Anayeumwa hivyo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hospitali ya Maweni hapa Kigoma au Bugando ya Mwanza kwa rufaa, na simu kwa daktari aliyempasua.

Kwa sababu maneno hupotea mtu akiwa na maumivu, andika karatasi, ifunge kwenye nailoni, iweke pamoja na kadi ya bima, na nakala abaki nayo anayelala nyumba moja nawe:

"Nilifanyiwa (sliivu / baipasi) tarehe …, hospitali …, simu ya daktari …. Nisipewe diklofenaki, brufeni wala aspirini bila kumuuliza. Mpira wa puani usiingizwe bila kuwasiliana na daktari wa upasuaji. Nikiwa natapika, thiamini kabla ya glukosi. Mapigo yangu ya kawaida nikiwa nimepumzika ni … kwa dakika."